Siku Mrefu Alipokimbia

Dada yangu alianza kutazama mpira wa Wamarekani kwa sababu alikuwa anamtafuta mwanawe. Mtoto alikuwa anasoma chuo kikuu huko Marekani, akamwambia mama yake kwamba timu ya chuo ikicheza nyumbani, wanafunzi wote wanakwenda uwanjani wamevaa nyeupe. Jumamosi usiku yao ni Jumapili asubuhi yetu hapa Guangzhou. Basi dada akawa anakaa na simu, chai ya tangawizi pembeni, anakodolea macho jukwaa. Wachezaji aliwaona kama watu wanaokatiza mbele ya televisheni. "Sogea wewe," aliwaambia.

Mwanawe hakumwona hata mara moja. Lakini mtu akikaa dukani siku nyingi bila kununua, mwisho wake anazijua bei zote. Dada akaujua mpira.

Akaja kunifundisha na mimi, niliyeishia darasa la saba, na kusema kweli mpaka leo nusu ya sheria zake sizijui. Ni ule mpira wa kushika kwa mikono, uliochongoka kama kokwa la embe, na wachezaji wanavaa helmeti. Kilichomfurahisha dada kuliko vyote ni kwamba kiwanja chao kinapimwa kwa yadi. Yadi, kama kitenge. Timu inapewa nafasi nne za kusogea yadi kumi. "Ni kama unapewa kutaja bei mara nne," alinieleza. "Ukisogea, unaanza upya, unataja tena nne. Ukishindwa, toka dukani, aingie mwenzako." Hapo nikaelewa. Angenieleza hivyo mwanzoni, asingenisumbua na yale mambo ya mistari.

Na kuna mmoja ambaye kila kitu kinapitia kwake. Kwa Kiingereza anaitwa kwotabeki. Dada akamwita laoban, kama tunavyowaita Wachina wenye maduka hapa, yaani bosi, na jina likashika. Wenzake wote wanainama wakimsubiri. Mpira unakuja kwake, na anatakiwa aamue haraka: aurushe mbele, ampe mtu wa karibu, au akimbie nao mwenyewe. Wakati anaamua, majitu yanakuja kumwangusha.

Tulitazamia kwenye kago, yaani ofisi ya kusafirishia mizigo, ya kaka mmoja wa Unguja, nyuma ya yale majumba ya nguo ya Guangyuan Xilu, kabla wateja wake hawajaanza kuleta mizigo ipimwe. Simu tuliiegemeza kwenye roli la selotepu juu ya mzani. Tulikuwa mimi, dada, yule kaka, na Papaa.

Papaa ni mfanyabiashara wa jinzi kutoka Lubumbashi, mtu mzima, Mkristo wa kanisani kila Jumapili. Alikuja kwenye kago siku ya kwanza kuulizia mzigo wake, akatupia jicho simu, akasema laoban wa dada ni mzembe. Alisema hivyo akiwa bado amesimama mlangoni. Dada hakumjua hata kidogo. Alimvutia kiti, akamwambia, "Kaa hapa, Papaa, unieleze uzembe wake uko wapi." Wakabishana mpaka Papaa akachelewa misa, na kuanzia hapo wakawa wanabishana kila wiki.

Laoban wa dada, wa chuo cha mwanawe, alikuwa mrefu. Tulimwita hivyo, Mrefu. Huyo alikuwa anasimama. Majitu yanakuja, yeye amesimama tu, anaangalia mbali, utadhani anasubiri basi. Halafu, wakati mimi nimeshafumba macho, anaurusha, na huko mbele kuna mtu anaupokea kifuani. Laoban wa Papaa alikuwa wa chuo kingine, timu ya nguo nyekundu iliyoiva kama damu ya mzee. Tulimwita Mfupi. Mfupi hakuwahi kusimama. Alipewa mpira, akaenda kulia, akaona watu, akarudi kushoto, akazunguka, akapita chini ya kwapa la mtu, akatokea upande ambao hata kamera haikumtegemea.

Mimi niliwaona dada na Papaa wenyewe katika wale vijana, na nilicheka peke yangu kabla sijawaambia. Dada akienda kununua kitambaa Zhongda, alikuwa anasimama. Anashika kitambaa, anatazama dari. Mwenye duka, mama mmoja wa Kichina, anataja bei, dada kimya. Anataja nyingine, dada kimya. Mwisho yule mama wa Kichina anaanza kubishana na nafsi yake, na bei inashuka yenyewe. Papaa akienda Xintang kwenye viwanda vya jinzi, anaingia karakana ya kwanza, anatokea mlango wa nyuma, anaingia ya tatu, anarudi ya pili, hakubaliani na mtu, halafu jioni unamkuta ana mzigo mzuri kwa bei ambayo hakuna anayeielewa, naye mwenyewe haelewi.

Nilipowaambia, wote wawili walikasirika.

"Mimi nasubiri bei kwa akili," alisema dada. "Yule mtoto wa Papaa anakimbia kwa sababu hajui la kufanya."

"Mama, sikia," alisema Papaa. "Ule wako ni muti. Muti ya barabarani. Mutu anakuja kumupiga, yeye iko nasimama. Iyo ni akili?"

"Ni moyo."

"Moyo! Siku moja watamuvunja iyo moyo na mbavu zake."

Papaa hakuwa na subira ya kutazama mchezo wote. Katikati ya wiki alikuwa anatumiwa vipande vifupi kwenye simu, Mfupi akifanya vituko vyake tu, anakuja navyo mkononi kama ushahidi wa mahakamani. Dada alivisukuma kando. "Hii ni sampuli, Papaa. Umeagiza jinzi miaka yote, hujajua kwamba sampuli siyo mzigo? Nionyeshe kontena zima." Na kaka wa Unguja, ambaye aliishi kwa kufungua mizigo isiyofanana na sampuli, alicheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi moja ubishi uliwazidi. Papaa alisema hata Mrefu, akibanwa vya kutosha, atakimbia, maana binadamu wote wana miguu. Dada akaweka kikombe chini.

"Papaa, sikiliza. Huyu nimemtazama mchezo wote, siyo vipande. Huyu hakimbii. Siku utakayomwona ameukumbatia mpira akakimbia nao mwenyewe mpaka akafunga, mimi ni mpagazi wako. Nakuvutia mzigo wako kwa mkokoteni, kutoka dukani mpaka hapa kago, mchana, watu wananiona."

"Mi nitatembea mbele," alisema Papaa, "mikono nyuma, kama bwana mukubwa."

"Tembea."

"Shahidi mimi," alisema kaka wa Unguja. "Lakini pesa isiingie humu, isije ikawa kamari mkanitia dhambini."

Pesa haikuingia. Dada alikuwa mtu wa swala tano, pesa asingeweka. Aliweka mgongo wake.

Msimu ukiwa katikati, dada alikwenda Dar kupokea kontena la mapazia. Alilipokea. Akala chakula cha mchana, akajilaza, na hakuamka. Nilipofika walikuwa wameshamzika, kama ilivyo kwetu. Nilikaa mpaka arobaini ikasomwa, halafu nikarudi Guangzhou, kwa sababu vitambaa vyetu Zhongda vilikuwa vimeshakatwa na hapakuwa na mtu mwingine wa kuvifuata.

Sikuwa nalia. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu, na sijui kueleza vizuri nilikuwaje. Ila nitasema jambo moja. Tangu dada afe, kila mtu alikuwa anamkubalia. Yule mama wa Kichina wa Zhongda, aliyekuwa anamfukuza dada kwa mkono na kurudia "bu xing, bu xing", haiwezekani, alinikalisha, akanipa maji ya moto, akanitajia bei ileile ambayo dada aliipigania muda wote bila kuipata. Alinitajia kabla sijafungua mdomo. Nilitoka na kitambaa cha bei nzuri kuliko vyote nilivyowahi kununua, na nilikuwa na hasira sijui nimpelekee nani. Dada yangu aliishi kwa kubishiwa. Alinawiri kwa kubishiwa. Sasa watu walikuwa wanamzika mara ya pili kwa kumkubalia.

Jumapili niliyorudi kwenye kago, Papaa alisimama nilipoingia. Alinishika mikono yote miwili, akasema pole kwa lugha zake zote. Halafu akasema, "Na ile kesi ya wale vijana, mama, mi naacha. Dada yako alikuwa na haki. Mrefu njo mukubwa. Bon. Ikwishe vile."

"Haijaisha," nilisema.

"Naikubali, mama."

"Usikubali. Hujaona kitu cha kukufanya ukubali. Wanacheza lini, Mrefu na Mfupi?"

Kaka wa Unguja alisema timu hizo zinakutana wiki hiyo inayokuja, mwisho wa msimu, na kwamba yeye angefungua mapema.

"Basi tutaona," nilisema. "Nataka nijue dada alisema kweli au hakusema kweli. Sitaki apewe kama sadaka."

Papaa aliitikia kwa kichwa, lakini kwa adabu. Adabu yake ndiyo iliyonitisha.

Wiki ile nilikuwa kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mtu mwingine. Jumapili ilipofika nilikwenda kago nikiwa na mkate, mayai ya kuchemsha na ile mikate ya mvuke ya kujaza mboga, chakula cha watu kumi. Mchezo ulianza na mimi nikajikuta natazama jukwaani. Nyeupe tupu, umati kama mchele uliomwagwa. Nikajiambia, hapana, wewe tazama mpira. Kabla sijakaa vizuri Mfupi alikuwa ameshawapita watu watatu kwa kuzunguka kama kuku aliyeponyoka jikoni, akafunga. Papaa alinyanyuka nusu, akakumbuka, akakaa.

"Simama, Papaa," nilimwambia. "Shangilia mtoto wako."

"Bien joué, amecheza muzuri," alisema polepole, kama yuko kanisani.

Mrefu akajibu. Alisimama. Jitu moja lilimpitia huku, jingine huku, naye amesimama, shingo ndefu, anatazama mbali. Akarusha. Mpira ukapanda juu kabisa, na mtandao ukakatika. Kokwa la embe likaganda hewani. Tukalitazama. Kaka wa Unguja alitikisa simu. Papaa alinyanyuka, akaenda kunawa uso, akarudi, mpira bado uko hewani.

"Atachoka ule mupira," alisema.

Nilicheka. Sikutegemea, kicheko kilitoka na kipande cha yai. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nirudi, na baada ya hapo nilishindwa kujizuia, kila kitu kilinichekesha. Mtandao uliporudi walikuwa wanashangilia, hatukuona mpira ulivyotua. Mfupi akafunga tena, kwa mbio ambazo kama ningezieleza mngesema naongopa. Mrefu akarusha, Mfupi akakimbia. Papaa alianza kusahau adabu. Alipiga mzani kwa kiganja, mzani ukasoma uzito wa kiganja chake. "Ona miguu iyo! Muti yako inaweza?" alisema, na hapo hapo akaniomba radhi. Nilimwambia akiomba radhi tena namnyima chai.

Ikafika dakika za mwisho. Timu ya Mrefu ilikuwa nyuma kidogo, na iko karibu kabisa na mstari wa kufungia. Bei ya kwanza, Mrefu akarusha, ikakataliwa. Ya pili ikakataliwa. Ya tatu Mrefu akaangushwa, akanyanyuka na majani kwenye helmeti. Ilibaki moja. Nilikuwa nimeshika mkono wa kiti. Nilikuwa nasema, kimoyomoyo nadhani, simama, simama, mwanangu, subiri bei.

Akasimama. Akatazama mbali. Huko mbali kila mwenzake amekabwa. Akatazama upande mwingine, amekabwa. Majitu yakafika. Na Mrefu, ambaye msimu wote hakuwahi, aliukumbatia ule mpira kwa mikono miwili akakimbia.

Alikimbia vibaya. Sijawahi kuona mtu anakimbia vibaya vile. Alikimbia kama mtu aliyebeba mtungi wa gesi anawahi lifti inayojifunga. Magoti yanagongana, shingo iko nyuma, miguu iko mbele, jitu moja limemshika jezi yeye analiburuta, hata halina aibu. Akaanguka kifudifudi ng'ambo ya mstari. Akafunga. Wameshinda.

Niliruka. Nasema kweli, mtu mzima, niliruka nikapiga kelele, kaka wa Unguja ameruka, simu imeanguka, roli la selotepu limebingirika mpaka barazani. Papaa alikuwa anapiga makofi. "Mmeshinda, mama! Dada yako ameshinda! Njo vile, alisema kweli!" Alinipa mkono. Kaka wa Unguja naye akasema, "Allah amrehemu, alijua kuchagua."

Halafu nikaona wanatazamana.

Ilikuwa kidogo tu, jicho kwa jicho. Nikaacha kuruka. Mrefu alikuwa amekimbia. Ameukumbatia, amekimbia mwenyewe, amefunga. Timu ya dada imeshinda, na dada ameshindwa, kwa mchezo uleule mmoja. Na hawa wawili walilijua hilo tangu mguu wa kwanza, mmoja mwenye haki yake, mwingine shahidi, na walikuwa wamekubaliana bila kusema kwamba watalizika.

"Papaa," nilisema, "mzigo wako uko wapi?"

"Mzigo gani, mama?"

"Kaka, wewe ulikuwa shahidi. Dada alisema nini hapa?"

Kaka wa Unguja aliinama kuokota simu, akachukua muda mrefu kuiokota. "Bibie, aliyesema hayupo."

"Mdogo wake yupo."

"Uko katika msiba, mama," alisema Papaa. "Mi siwezi."

"Angekuwa hai ungemwachia?"

Papaa alinitazama. Alitaka kusema kitu kizuri, nilimwona akikitafuta, na nilikuwa naogopa atakipata. Maana hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nakitaka tangu nirudi, na kilikuwa mikononi mwa Papaa: akisema kitu kizuri, dada yangu amekufa.

Akatazama mlango. Akatazama mgongo wangu, maana mimi ni mwembamba, dada ndiye alikuwa na mgongo.

"Alisema mabalo mawili," alisema Papaa.

"Alisema mzigo," nilijibu. "Balo moja."

"Mawili. Mi nakumbuka muzuri."

"Papaa, unaongopa mbele ya Mungu na hujaenda hata misa."

"Mawili, na mi natembea mbele."

"Lilikuwa neno moja, mzigo," alisema kaka wa Unguja, "wala hesabu haikutajwa."

"Wewe nyamaza," tulimwambia wote wawili.

Papaa alikwenda kanisani kwanza. Mchana tukakutana mbele ya jumba la nguo alikoweka jinzi zake, naye bado amevaa suti ya misa na viatu vya ncha. Mwenye mkokoteni alikuwa mzee wa Kichina aliyetubebea mizigo siku zote. Alipoelewa kwamba mpagazi ni mimi, na kwamba analipwa kwa kutembea mikono mitupu, alikataa kabisa. Papaa akamwongeza. Akakubali, lakini hakuniamini na chombo chake, akawa anatembea ubavuni mwangu.

Mabalo mawili ya jinzi ni mazito kuliko nilivyodhani, na nilidhani ni mazito. Nilivuta, mkokoteni haukujibu. Yule mzee akanigonga bega, akanionyesha: si kuvuta kwa mikono, ni kulalia mbele kwa mwili mzima, uanguke, na mzigo ukuzuie usianguke. "Man man lai," aliniambia, polepole. Nikalala mbele. Ukasogea.

Basi tukaenda. Papaa mbele, mikono nyuma, hatua moja moja, anainamisha kichwa kwa wauza soksi kama askofu. Mimi nyuma na mabalo, mtandio umenishuka shingoni. Yule mzee pembeni anapiga kelele watu wapishe. Wapagazi wa Guangyuan Xilu, ambao hawasimami kwa ajili ya mtu, walisimama. Mmoja alicheka mpaka akalikalia balo lake. Simu zikatoka. Mama mmoja wa Kitanzania, ana mifuko kila mkono, akaniambia, "Dada, kulikoni, biashara imefika huku?"

"Ni ahadi," nilimwambia.

"Ya nani?"

"Ya dada yangu."

"Mwambie akitoa ahadi abebe mwenyewe."

Kicheko kikanimaliza nguvu. Ilibidi nisimame katikati ya njia, mkokoteni ukanisukuma mgongoni, nacheka, na machozi yanatoka, na sikujua tena ni ya upande gani, wala sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa kazini. Papaa aligeuka. Aliona. Hakurudi kunisaidia, Mungu ambariki. Alitazama saa yake.

"Mupagazi," alisema, "mteja iko nangoja."

Kago tulifika. Kaka wa Unguja alipima mabalo, akatundika mkanda wa selotepu shingoni kwa Papaa kama nishani. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu kutoka kwa mtoto wa dada: "Mama mdogo, umeona? Mrefu amekimbia." Nikamjibu kwamba nimeona, na kwamba mikono inaniuma nitamweleza baadaye.

Papaa alikaa, akavua kiatu kimoja, akajimiminia chai.

"Kwa iyo tunakubaliana," alisema. "Ule mutoto, kumbe ni mkimbiaji. Siku zote alikuwa mkimbiaji, alikuwa anajificha."

"Mara moja, Papaa."

"Mara moja inatosha."

"Mara moja ni sampuli," nilisema, na nikavuta kiti.